Ndege ametua, ndege imetua: hivi hii akili mnemba ina akili kweli?

Wiki mbili zilizopita nipo zangu kwenye kisteshenari changu hapa Dodoma mjini, sio mbali na Jamatini, jua la saa saba lile la kupasua utosi, printa imekwama karatasi kama kawaida yake, akaingia mama mmoja wa makamo na bahasha ya kaki mkononi. "Mbukwenyi," akatusalimia wote tuliokuwepo. Nikaitikia kama nilivyokariri, akafurahi, akanimiminia Kigogo kingine cha kutosha, nikabaki natabasamu tu. Akaelewa. Basi tukaanza upya, shikamoo mama, marahaba mwanangu, afu akanipa simu ya kijana wake anataka nimprintie kitu.

Nikafungua, kumbe ni majibu ya chatboti, ile programu unayoiandikia swali nayo inakujibu kama mnachati. Kijana kaiuliza kuhusu kiwanja ambacho mama anataka kununua, kaweka namba ya kiwanja na kitalu, kauliza kama kina mgogoro. Na yenyewe ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwangu kwamba kiwanja hicho kimepimwa, kipo eneo la makazi na kumbukumbu hazionyeshi zuio lolote. Mama anataka hiyo karatasi aitie kwenye bahasha akamalizie malipo jioni.

"Mama, nani kathibitisha hii?"

"Si huyu hapa. Amesema hakina shida."

Amesema. Hilo neno lilinikaa kichwani siku nzima. Mimi ningesema imesema, kijana wa bajaji aliyekuwa anasubiri kopi ya leseni akasema zote sawa tu, na hapo ndo nikagundua watu tunabishana kuhusu hiki kitu kila siku kijiweni wakati hatujakubaliana hata tunaongelea nini. Mwingine anakwambia ni jini, mwingine anakwambia ni Google iliyochangamka, mwingine anakwambia ina akili kuliko maprofesa. Nilimweleza mama kwa haraka haraka, vibaya, akaondoka hajaridhika. Ngoja nijaribu tena hapa kwa utulivu.

Tuanze na jina. Utasikia akili mnemba, utasikia akili bandia, wengine akili unde yaani iliyoundwa, vyote ni kitu kimoja. Maana yake ya kawaida ni kazi ya kuifanya kompyuta ifanye mambo ambayo akiyafanya binadamu tunasema huyu katumia akili: kutambua sura, kutafsiri, kucheza chesi, kujibu swali. Isome tena hiyo maana taratibu. Inaongelea kazi, haisemi chochote kuhusu kama ndani mule kuna mtu anaelewa. Nusu ya ubishi wa kijiweni unatokana na kuchanganya hayo mawili.

Halafu chatboti ni aina moja tu. Simu yako ikifunguka kwa kuona uso wako, kibodi ikikumalizia neno, ramani ikikuchagulia njia, hiyo nayo ni akili mnemba, ila kwa kuwa haiongei hakuna anayeigombania. Na ukisikia watu wanasema modeli, wanamaanisha ule ubongo wenyewe, ambao ukiufungua unakuta mafaili yamejaa namba. Chatboti ni dirisha la duka, modeli ndo mwenye duka.

Sasa msingi wake. Hili wazo sio la juzi. Karne ya 9 kule Baghdad kulikuwa na mwanahisabati Al-Khwarizmi, vitabu vyake vya hesabu vikatafsiriwa kwa Kilatini na jina lake likapindapinda mpaka likazaa neno algorithimu, ambalo ni hatua za kufuata moja baada ya nyingine mpaka kazi iishe. Chemsha maji, tia unga kidogo, koroga uji, ongeza unga, songa. Hiyo ni algorithimu ya ugali. Cha kushangaza ni kwamba ukimpa mtu asiyejua chochote hatua hizo akazifuata bila kukosea, ugali unaiva tu, hata kama hajui kwanini unga na maji ya moto vinashikana. Shika hilo, tutalirudia.

Mwaka 1854 Mwingereza George Boole akaandika kitabu akionyesha kuwa hoja, yaani kama hivi basi vile, zinaweza kupigwa kama hesabu za ndiyo na hapana. Mwaka 1936 akaja Alan Turing, hajafika hata miaka 25, akaonyesha kwenye karatasi kwamba inawezekana kuwa na mashine moja inayofuata hatua zozote utakazoiandikia. Kabla ya hapo wengi walifikiria kila kazi na mashine yake, ya kujumlisha peke yake, ya kusuka kitambaa peke yake. Simu yako ambayo ni redio, kikokotoo, kamera na tochi kwa pamoja ni mjukuu wa hilo wazo.

Jina lenyewe la akili mnemba, kwa Kiingereza chao, lilitungwa na John McCarthy na wenzake kwenye andiko la mwaka 1955 la kuomba hela za kikao, na kikao kikafanyika 1956 chuo cha Dartmouth kule Marekani. Hoja yao ilikuwa kwamba kila upande wa akili unaweza kuelezwa kwa usahihi kiasi kwamba mashine ikaweza kuuiga. Na waliandika kabisa kwamba watu kumi wakikaa pamoja kiangazi kimoja watapiga hatua kubwa. Kiangazi kimoja! Ni yule fundi anayekwambia nyumba unahamia Ijumaa.

Kilichowakwamisha ni kwamba walianza kwa kuiandikia kompyuta masharti. Kwa chesi ilikwenda vizuri maana chesi ni masharti matupu, mpaka mwaka 1997 kompyuta ikamfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov. Lakini hebu wewe kaa chini uiandikie kompyuta masharti ya kumtambua ng'ombe kwenye picha. Ana miguu minne, hata meza inayo. Ana pembe, wapo wasio nazo. Ana nundu, wa kwetu wanayo ila wa kizungu hana. Na kama kapigwa picha kwa nyuma, au nusu kajificha kwenye mbuyu? Utaandika masharti mpaka uzeeke, na mtoto wa miaka mitatu wa Chamwino atakuwa anakucheka. Yaani yale tunayoona magumu ndo yalikuwa rahisi kwa kompyuta, na yale ambayo hata hatujui kama tunayafanya ndo yakawa kisiki.

Hapa ndo nampenda sana dalali wa mnadani. Jumamosi moja nilienda Msalato na shemeji kutafuta ng'ombe wa harusi. Dalali mmoja mzee, kofia imefifia, fimbo kaibana kwapani, alikuwa anapita kati ya ng'ombe bila kuwagusa, anaangalia kidogo kifuani, anaangalia kiunoni, anasogea hatua mbili nyuma, anasema huyu mia mbili na kumi, yule mia moja themanini. Kilo hizo. Shemeji akamuuliza mzee unajuaje, akasema unaangalia tu. Hakuwa anatuficha siri. Hana fomula, alichonacho ni miaka arobaini ya kukisia, kisha mzani au mchinjaji anamwambia umezidisha au umepunguza, na kesho yake jicho linajirekebisha kidogo bila yeye mwenyewe kujua limerekebisha wapi.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyojifunza siku hizi, karibu vilevile. Unaacha kuandika masharti. Picha kwa kompyuta ni namba, zile namba unazizidisha na namba nyingine zilizopo ndani ya modeli, mwisho inatoka kisio: huyu ng'ombe. Kama kakosea, unapima kakosea kwa kiasi gani, unazigeuza zile namba za ndani kidogo kidogo upande unaopunguza kosa, unaleta picha nyingine. Mamilioni ya mara. Na unajua hizo namba za ndani mafundi wenyewe wanaziitaje? Wanaziita uzito. Dalali angefurahi.

Wazo la kuunganisha vijisehemu vidogo vidogo vya kupiga hesabu mfano wa seli za ubongo lilikuwepo tangu 1943 kwa Warren McCulloch na Walter Pitts, na 1958 Frank Rosenblatt akatoa mashine iliyojifunza kwa njia hiyo, magazeti ya Marekani yakapiga kelele kama yanavyopiga leo. Mwaka 1969 wakatokea wenzake wakaonyesha kihesabu mambo ambayo mashine ya aina ile haiwezi kabisa, hata madogo madogo, hela zikakauka, watu wakahamia kazi nyingine. Wachache wakaendelea kupiga jembe, mmoja wao Geoffrey Hinton, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakaonyesha jinsi ya kurekebisha uzito kwenye tabaka nyingi za vijisehemu hivyo kwa mpigo. Bado dunia ikawa na shaka. Mpaka 2012, kwenye mashindano ya kutambua picha, modeli ya Hinton na wanafunzi wake wawili wa Toronto ikakosea kama asilimia 15 wakati aliyemfuata kakosea 26. Kwanini ghafla vile? Intaneti ilikuwa imejaa picha za kufundishia, na zile kadi za kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya magemu zikagundulika zinapiga hesabu hizi kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2024 Hinton akapewa Nobeli ya fizikia pamoja na John Hopfield. Miaka karibu arobaini toka 1986, wewe ungevumilia?

Lakini dalali wetu mpeleke sehemu yenye ng'ombe wa maziwa wa kizungu, wale wakubwa wenye mabaka, hawana nundu, kifua tofauti, kiuno tofauti. Atakisia kwa kujiamini kulekule na atakosea. Jicho lake ni la ng'ombe aliowaona. Na hapo ndo panapoanguka ule uzushi kwamba mashine haina upendeleo kwa sababu haina kabila wala ndugu. Mwaka 2018 watafiti wawili dada zetu, Joy Buolamwini mwenye asili ya Ghana na Timnit Gebru aliyezaliwa Ethiopia, walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa inatambua jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe mfumo mbaya kuliko yote ulikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, kosa likafika asilimia 34.7. Hakuna aliyeiamuru mashine ibague, ililishwa nyuso za watu fulani kuliko wengine, basi.

Tuje kwenye maneno sasa, maana ndo yaliyomleta mama.

Nikisema mgeni siku mbili, siku ya tatu... mdomo wako umeshamalizia. Nikisema haraka haraka haina... umeshamalizia. Hujafikiria, limekuja lenyewe kwa sababu umelisikia mara nyingi. Modeli ya lugha imefundishwa mchezo huohuo: inapewa maandishi, neno linalofuata linafichwa, inakisia, inarekebishwa uzito. Kubwa za siku hizi zimepitia matrilioni ya vipande vya maneno. Muundo ulioifanya kazi hii iende kwa kasi ulitoka 2017, na mwisho wa Novemba 2022 chatboti inayoitwa ChatGPT ikafunguliwa kwa umma, ndo pale kila mtu akajua kuna kitu.

Usidharau huo mchezo. Ili ukisie vizuri neno linalofuata kwenye hadithi lazima ushike sarufi, kwenye hesabu lazima ushike namna ya hesabu, kwenye barua ya mahakama ushike lugha ya mahakama. Kwahiyo humo ndani kunajengeka vitu vingi ambavyo hata waliozitengeneza hawajamaliza kuvichambua, kama dalali asivyoweza kukuambia jicho lake linaangalia nini. Wanaosema "aah inakisia neno tu" wako sahihi, kama vile ni sahihi kusema Simba na Yanga ni watu ishirini na wawili wanakimbiza ngozi.

Ila angalia inalishwa nini. Uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma ni wa 1973, na sheria ya kulitamka jiji letu kuwa makao makuu ilitungwa 2018, lakini muda wote huo kuna maandishi mengi sana duniani yanasema mji mkuu wa Tanzania ni Dar es Salaam. Mashine inayojifunza kwa kusoma inakutana na yote mawili. Haijawahi kushuka stesheni ya SGR pale ikaona mabango, haijawahi kupita Mtumba ikaona majengo ya wizara. Yenyewe inajua yaliyoandikwa, na Kiswahili kilichopo mtandaoni ukikilinganisha na Kiingereza ni kikombe na bwawa la Hombolo. Kigogo ndo usiseme.

Rudi kwenye kiwanja. Swali la mama liliingia, na modeli ikatoa maneno ambayo kwa kawaida hufuata swali la namna ile: kimepimwa, eneo la makazi, hakuna zuio. Haikufungua daftari lolote la ardhi, hata haina daftari. Watu wanasema "imedanganya". Mimi naona hapana, muongo anaujua ukweli akaukwepa, huyu alikuwa anaendelea tu na mchezo wake wa kumalizia sentensi. Ndo maana inakosea kwa sauti ileile inayopatia, haisiti, haikuni kichwa. Mwaka jana kijana mmoja wa chuo alikuja kuprinti kazi yake, marejeo kumi na moja yamepangwa vizuri, majina ya waandishi, miaka, kurasa, baadae karudi kanyong'onyea, mwalimu kamwambia vitabu vitatu kati ya hivyo havipo popote duniani. Najua chatboti nyingi sasa hivi zinaweza kuingia mtandaoni kutafuta kabla ya kujibu, inasaidia, lakini daftari la kiwanja cha mtu halijaanikwa mtandaoni kama kanga, na hata pale ilipotafuta bado inabidi ufungue mwenyewe ilikosoma.

Sawa. Sasa tuingie pale penyewe: je inaelewa? Amesema au imesema?

Turing alilikuta hilo swali mwaka 1950. Akasema kuuliza kama mashine inafikiri ni kupoteza muda maana hatujui tunamaanisha nini kwa kufikiri, akapendekeza mchezo. Wewe upo chumba hiki, chumba kingine kuna mtu, kingine kuna mashine, mnaandikiana tu bila kuonana. Ukishindwa kutofautisha nani mtu nani mashine, unaikataliaje akili? Hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hata jirani yako hujawahi kuingia kichwani mwake. Unaamini anafikiri kwa kuwa anaongea na kutenda kama anayefikiri.

Tatizo, sisi binadamu tunadanganyika kirahisi mno. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum kule chuo cha MIT, Marekani, alitoa programu inaitwa ELIZA, ya kipuuzi kabisa, ukiandika nina huzuni inakurudishia kwanini una huzuni. Masharti machache tu ya kugeuza sentensi. Katibu muhtasi wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi, baada ya kuchati nayo kidogo akamwomba Weizenbaum atoke chumbani apate faragha. Kwahiyo mama aliposema amesema, hakuwa mshamba, ni ubinadamu. Sikio letu halijazoea maneno yasiyo na mwenyewe.

Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle akaja na mfano wake wa chumba cha Kichina. Mtu asiyejua Kichina hata kidogo kafungiwa chumbani na kitabu kikubwa cha maelekezo. Kikaratasi cha herufi za Kichina kinapenyezwa chini ya mlango, anaangalia kitabuni, ukiona michoro hii jibu kwa michoro ile, anapenyeza jibu. Walioko nje wanaapa humo ndani kuna Mchina. Ndani hakuna anayeelewa neno. Searle akasema kompyuta ndo huyo mtu. Mimi huu mfano haunihitaji nifike China, mimi na mbukwenyi yangu ni hivyohivyo. Miaka sita nipo Dodoma nawaitikia wazee vizuri kabisa, na wageni kutoka Dar wanadhani nimezaliwa Mvumi.

Waliompinga Searle wakamwambia unamuuliza mtu asiyehusika. Anayejua Kichina ni chumba kizima, mtu, kitabu na karatasi kwa pamoja. Kwani kwenye ubongo wako kuna seli hata moja inayojua Kiswahili? Hakuna, lakini wewe mzima unakijua. Nikisoma hapo huwa nanyamaza kidogo. Nimekaa na haya mabishano muda mrefu na bado kuna siku naamkia upande huu, siku nyingine ule.

Lakini Kiswahili kina kitu hapa ambacho sijaona watu wakikitumia. Kile chombo cha chuma kinachopaa tulikiita ndege, jina lilelile la kunguru na njiwa. Hakuna aliyeitisha kikao kuuliza kama kinapaa kweli au kinaigiza kupaa, maana kipo juu na wewe upo chini unakiona. Ila ukisikiliza, ngeli ikavitenganisha kimyakimya: ndege ametua kwenye mti, ndege imetua uwanjani. Jina moja, kazi moja, ila mmoja ana roho na mwingine ana injini. Na wala hatusemi ile ya chuma inapaa kiuongo.

Basi wapo wanaosema akili ni hivyohivyo. Kufikiri ni kama kupaa, ukikifanya umekifanya, iwe kwa nyama au kwa chuma. Na wapo wa upande wa Searle wanaosema hapana, kuna vitu ukiviiga havitokei. Kompyuta ya watu wa hali ya hewa inaweza kuigiza mvua kubwa ikanyesha Dodoma nzima na hakuna tone hata moja litakaloanguka kwenye majaruba ya Bahi. Kwahiyo swali lote la falsafa ya akili mnemba, ukilivua makoti yake, ni hili: kuelewa ni kama kupaa, au ni kama mvua?

Mimi naona vitu vingine ni kupaa. Kucheza chesi, kutafsiri barua, kupanga njia, kama kazi imefanyika imefanyika, tusilete wivu. Ila kuumia, kujuta, kuogopa, hivyo kwangu ni mvua, mpaka mtu anionyeshe ardhi imelowa. Na katikati kuna kuelewa, ambako sijui niweke kapu gani na maprofesa wenyewe wamegawanyika.

Kwa wale wa jini na wale wa roboti itatuua kwa chuki, niseme kidogo. Kinachowasumbua wanaofanya kazi hizi kwa uzito zaidi ni utii kuliko chuki. Unamweka mtoto alinde mtama na kwelea kwelea, unamwambia jioni nisikute ndege hata mmoja shambani, unarudi unakuta kachoma shamba. Ndege hakuna kweli. Mashine inafuata ulichosema, na kati ya ulichosema na ulichomaanisha kuna bonde refu ambalo binadamu wenzako wanalivuka bila kujua, kwa kuwa wamekulia humohumo ulimokulia. Na hili la kwamba kila ukiiambia kitu inajifunza palepale, kwa kawaida hapana, uzito wake ukishafundishwa unabaki ulivyo mpaka waitoe mpya, hizo kumbukumbu za mazungumzo yako ni kama daftari la pembeni tu inalolichungulia. Ila unachoandika kinaweza kuhifadhiwa na wenye kampuni na baadae kutumika kufundishia, kwahiyo namba za siri na mambo ya ndani ya nyumba yako usiziandike humo.

Kinachobaki ni kuwajibika, na hapa sihitaji mwanafalsafa. Dalali akinidanganya kilo leo, Jumamosi ijayo nitamkuta palepale na fimbo yake. Mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri, jina lake lipo. Afisa ardhi akijibu sachi, yaani ombi la kuangalia kumbukumbu za kiwanja, kuna saini na tarehe. Kusema, kwetu, ni kuweka shingo yako. Ile karatasi ambayo mama alitaka kwenda nayo kwa muuzaji ilikuwa na Kiswahili kizuri na haikuwa na shingo ya mtu yeyote.

Juzi Alhamisi karudi. Nilikuwa namalizia kubana kitabu cha mtu, nikasikia mbukwenyi mlangoni, nikaitikia. Kumbe hakulipa jioni ile, alienda ardhi kufanya sachi kama nilivyomwomba, na ile namba ya kiwanja ipo kwa jina la mtu mwingine kabisa, muuzaji hapokei simu. Alikuja kutoa kopi ya majibu, nakala mbili.

Wakati mashine inapasha moto akaniambia kijana wake alirudi kwenye simu akaigombeza, akaiandikia umetudanganya. Akanionyesha jibu. Imeandika samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza, ilipaswa kusema haina uwezo wa kuona kumbukumbu za viwanja, na inaelewa jinsi jambo hili lilivyo zito kwa familia.

"Kaniomba radhi," mama akasema, anaangalia kioo cha simu. "Sasa mwanangu, hii radhi anaimaanisha, au na yeye ni kama wewe na mbukwenyi yako?"

Nikamkabidhi kopi zake mbili. Mia mbili.